Treni Isiyofunguka

Kila mwaka watengenezaji wa treni ndogo hutoa orodha zao mpya, na kila mwaka, katika majarida ya wapenzi wa treni hizo, huulizwa swali lile lile: mwakani mngependa tuwatengenezee injini gani? Watu hukaa wakapiga kura. Mmoja ataka injini ya mvuke iliyokuwa ikipita kwao utotoni, mwingine ataka dizeli ya Kijerumani ya miaka ya 1960, wa tatu hataki injini kabisa bali behewa la maziwa, na atalipigania behewa hilo kama mtu anayepigania shamba la urithi. Mimi nasema swali lenyewe limekosewa, na maadamu swali limekosewa, jawabu lolote halitatufaa. La kuulizwa ni hili: injini hiyo mtakayotuuzia, itafunguka? Na ikifunguka tukakiona kilichovunjika, tutakipata wapi kingine?

Msomaji asiyeujua uraibu huu pengine atacheka kusikia mtu wa umri wangu akigombana na viwanda vya mbali juu ya vitu vinavyouzwa pamoja na vidoli. Acheke, kicheko hakitozwi ushuru. Lakini ajue kwamba hivi si vidoli. Treni ninazozisema ni za kipimo kinachoitwa N, ambazo upana wa reli yake ni milimita 9, na herufi hiyo imetokana na neno tisa, ambalo Wajerumani, Waingereza, Wafaransa na Waitaliano wote huliandika kwa kuanzia N. Ndani ya injini yenye urefu wa kidole cha mkono mna mota, mna mhimili, mna gia zenye meno ya kutazamwa kwa kioo, mna vibati vya shaba vya kuchukua umeme kutoka kwenye magurudumu, na siku hizi mna saketi ya elektroniki inayopokea amri kupitia reli zenyewe. Mimi nimekula kwa kutengeneza saa kwa miaka 40. Nikikishika kitu cha namna hiyo mkononi najua kwamba ni mtambo, na mtambo una haki zake: kutiwa mafuta, kusafishwa, kubadilishiwa kilicholika. Anayeuza mtambo usioweza kufanyiwa hayo ameuza kitu kingine akakipa jina la mtambo.

Kwanza hapana budi nieleze kwa nini udogo wenyewe ni mtihani, kwani bila ya hilo malalamiko yangu yataonekana kuwa ni ya mchokozi tu. Katika bara la Ulaya na Marekani kipimo cha N ni 1 kwa 160. Behewa la mita 20 linakuwa la sentimita 12 na nusu, na hapo hapana taabu. Taabu iko katika uzito. Kitu kikipunguzwa mara 160 kwa urefu, mara 160 kwa upana na mara 160 kwa kimo, uzito wake haupungui mara 160. Unapungua zaidi ya mara milioni 4. Chukua ile Garratt ya aina ya 59 tuliyoizoea katika Reli ya Afrika Mashariki, iliyoundwa na Beyer, Peacock mjini Manchester katikati ya miaka ya 1950, jitu la tani 252, ambalo lilisifiwa kuwa lenye nguvu kuliko injini zote za mvuke duniani zipitazo katika reli ya mita moja. Lipunguze kwa kipimo cha N kisha liweke katika mizani: gramu 61 na kitu, uzito wa yai moja la kuku. Na hiyo ni Garratt. Injini ndogo ya kusukuma mabehewa stesheni, yenye tani 60, ingekuwa na uzito usiofika gramu 15.

Sasa uzito huo ndio unaogandamiza magurudumu juu ya reli, na gurudumu likigandamizwa sawasawa ndipo umeme unapopita. Gurudumu la chuma hugusa reli mahali padogo kuliko ncha ya sindano. Likija vumbi, au mafuta kidogo, au huu ukungu wa chumvi tunaoletewa na bahari sisi wakaaji wa Mombasa, mguso unakatika na treni inasimama. Ongeza na mwendo. Injini ya kweli inayopanga mabehewa huenda polepole, tuseme kilomita 5 kwa saa, sawa na mtu atembeaye. Katika kipimo chetu mwendo huo ni pungufu ya milimita 9 kwa sekunde. Kwa mwendo wa kobe namna hiyo treni haina nguvu ya kujirusha juu ya kichembe cha vumbi. Ama mtambo wake ni mzuri kwelikweli, ama itasimama, na mwenyewe atainama kuisukuma kwa kidole mbele ya wageni.

Hiyo basi ndiyo kazi ya mtengenezaji wa treni ndogo. Uzito wa kutosha, mota ya kutambaa, magurudumu yote yachukue umeme, gia zizunguke bila ya kugwaya. Akilifanya hilo, mengine yote nitamsamehe.

Viwanda vimeshughulika na nini? Vimeshughulika na macho yetu. Injini zitolewazo siku hizi ni nzuri ajabu, sitaki kudhulumu. Nimechukua kioo changu cha kutengenezea saa nikasoma ubavuni mwa behewa moja uzito wake, nambari yake na tarehe ya ukaguzi wake wa mwisho, kwa herufi ambazo hata mdudu chungu angezikanyaga zote kwa mguu mmoja. Nimeona vishikio vya mlangoni vya waya mwembamba kama unywele, vikiwa vimetiwa kimoja kimoja kwa mkono na binti fulani katika kiwanda cha China ambaye macho yake Mungu ayahifadhi. Nilistaajabu, nikaridhika, nikalirudisha behewa juu ya reli, nikarudi kukaa kitini pangu. Kutoka kitini hadi kwenye reli ni mita moja. Mita moja kwa kipimo cha 1 kwa 160 ni sawa na kusimama mita 160 kutoka kwenye treni ya kweli. Nani duniani amewahi kusoma tarehe ya ukaguzi wa behewa akiwa mita 160? Lakini mtu akiwa umbali huo huo huona bila ya kioo kama treni inakwenda kwa ulaini au inashtukashtuka kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Kwa hiyo fedha yetu imetumiwa kununua tusichoweza kukiona, na kile tunachokiona mchana kutwa kimeachiwa bahati.

Isitoshe, urembo huo umekuwa adui wa ufundi. Ili vishikio na mabomba yasiharibu sura, skrubu zimefichwa au zimeondolewa. Bodi linashikwa na vijino vya plastiki vilivyojificha ndani, na pengine gundi. Mpwa wangu aliyekuwa amekuja likizo kutoka Uingereza aliniletea injini mpya, akanitazama nikiipinduapindua.

"Mjomba, kwani unatafuta nini?"

"Natafuta inapofungukia."

"Imeandikwa kwenye karatasi, bodi livutwe juu taratibu."

"Ulishike wapi ulivute, nawe kila mahali pana kijiti?"

Tulilivuta taratibu. Tulivunja ngazi mbili, bomba moja na kioo cha dirisha la dereva, na ndani tulikuta kwamba mahali pa kutia mafuta pamezibwa na saketi iliyolehemiwa kwa nyaya zisizozidi urefu wa kucha. Hiyo ilikuwa injini mpya na nzima. Nilitaka kuitia tone moja la mafuta tu, kama karatasi yake ilivyonishauri.

Yako maradhi mawili ambayo kila mpenzi wa treni hizi atayakuta akiishi vya kutosha, na yote mawili yanajulikana viwandani vizuri kuliko sisi tunavyoyajua. La kwanza ni la gia. Gia ya plastiki hutiwa kwa nguvu juu ya mhimili wa chuma, na plastiki kadiri miaka inavyopita husinyaa. Chuma hakisinyai. Basi siku moja gia hupasuka baina ya meno mawili, hata kama injini ilikuwa imelala kabatini ndani ya boksi lake, na tangu siku hiyo treni huchechemea: kila mzunguko mmoja wa gurudumu, pigo moja. La pili ni la zinki. Ili injini iwe nzito, chasisi yake humiminwa kwa aloi ya zinki, na aloi hiyo ikichanganyika na risasi kupita kiasi wakati wa kuyeyushwa, huoza kutoka ndani. Hufura, hupinda, hupasuka, mwisho hubomoka kama biskuti iliyoingia maji. Ugonjwa huu umejulikana tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na dawa yake ni moja tu, nayo iko kwa mtengenezaji: madini safi na tanuri safi. Mnunuzi hana la kufanya. Hawezi kuuona siku ya kununua, na siku atakapouona umeshakwisha kazi yake.

Kupasuka kwa gia hakunikasirishi. Vitu hupasuka; kama visingepasuka nisingelea watoto. Kinachonikasirisha ni kile kinachofuata. Injini moja niliyokuwa nayo ilipasuka gia katika mwaka wake wa tano. Niliiandikia kampuni iliyoitengeneza, ambayo jina lake halina haja hapa, nikataja nambari ya injini na nikaomba ninunue gia 2, moja ya kutia na moja ya akiba. Walijibu kwa adabu nyingi. Walisikitika kwamba vipuri vya toleo lile hawavihifadhi tena; hata hivyo walifurahi kunijulisha kwamba injini ile ile itatolewa upya ikiwa na sauti, na wakinipa nafasi ya kujiandikisha mapema. Nikaandika mara ya pili. Sikuomba kitu, niliuliza tu idadi ya meno na kipenyo cha gia, ili niichonge mwenyewe. Jawabu halijaja mpaka leo.

Nilihesabu meno niliyoyakuta, nikapima kwa kaliba, nikaikereza kwa shaba katika kerezo langu la saa. Kazi ya siku 4 kwa kitu ambacho kiwandani hutoka katika kalibu kwa makumi, katika muda wa mtu kumaliza kikombe cha chai. Injini inakwenda. Ila wangapi wana kerezo la fundi wa saa? Mzee aliyestaafu posta katika mji mdogo wa Uingereza, ambaye injini ndiyo mwenzake wa jioni, yeye afanye nini? Ataitia kabatini. Na ndivyo uraibu wa treni zinazokwenda unavyogeuzwa, gia moja moja, ukawa uraibu wa makabati.

Kabati hilo lina faida kwa mtu mmoja tu. Tazama namna treni zinavyouzwa siku hizi. Kiwanda hutangaza injini ambayo bado haijakuwapo, huonyesha picha yake iliyochorwa kwa kompyuta, na huwataka watu waagize mapema. Hutengeneza idadi iliyoagizwa na ziada kidogo, kisha kalibu huwekwa kando na mashine hupewa kazi nyingine. Ukichelewa umekosa, na huenda ukakosa kwa miaka. Kwa hiyo watu hununua kwa hofu. Hununua mbili ili moja iwe ya kukatwa vipuri siku ya haja, yaani mnunuzi amegeuka stoo ya kiwanda, tena stoo anayoilipia mwenyewe.

Najua watakavyojibu, kwa kuwa wameshajibu. Watasema kalibu ya chuma ni ghali mno na wanunuzi wa kipimo cha N ni wachache. Ni kweli. Watasema viwanda vyao vyenyewe hawanavyo tena. Tangu nusu ya pili ya miaka ya 1990 Hornby walianza kuhamishia kazi China, na mwaka 2000 Graham Farish, jina kubwa la N katika Uingereza, lilinunuliwa na Bachmann, ambao ni watu wa Kader wa Hong Kong, na kazi ikaondoka Poole. Anayeagiza kazi katika kiwanda cha mwingine husubiri zamu yake. Hilo nalo ni kweli, na haki isemwe: injini za Kiingereza zilizotoka baada ya kuhama zilikuwa bora kuliko zile za kabla yake. Tena watasema, na hapa wametupata, kwamba sisi wenyewe ndio tulioomba urembo. Soma mapitio katika majarida: mwandishi atahesabu ribiti za tangi la maji, atalalamikia rangi ya kijani kwamba imezidi kidogo, atapima umbali wa dohani na kengele, kisha mwishoni, katika sentensi moja, atasema kwamba injini ilikwenda vizuri. Ilikwenda vizuri muda gani? Ikivuta nini? Juu ya mlima upi? Hasemi. Mtengenezaji hana wazimu. Hujenga kile kinachohesabiwa.

Lakini hoja ya gharama haifiki pale wanapoipeleka. Siku kundi la injini linapotengenezwa, kalibu ya gia ipo juu ya mashine. Kuiacha iendelee kutoa gia elfu moja zaidi ni jambo la dakika, na gia elfu moja hukaa katika kopo la maziwa ya unga. Stoo hiyo si ghali. Wako wanaofanya hivyo. Kato wa Japani, nchi ambayo N ndiyo kipimo chake kikuu kwa sababu nyumba zao ni ndogo, huuza vipande vya treni zao mbalimbali, bodi, bogi, mota, taa, kila kimoja na nambari yake, na fundi wa nchi yoyote anaweza kuagiza kwa nambari hiyo. Hawakufilisika kwa ajili hiyo. Peco, katika kijiji cha Beer pwani ya Devon, wana reli ya N ambayo naitaja kila ninapotaka kumwonyesha mtu maana ya akili. Reli nyembamba hupendeza lakini hupinda na huvunjika, na magurudumu ya zamani yenye kingo ndefu hugongagonga mataruma. Wao walifanya reli yenye kimo cha kutosha wakaizamisha sehemu ya chini ndani ya plastiki ya mataruma, kwa hiyo jicho linaona wembamba, mkono unakuta uimara, na injini ya babu na ya mjukuu zote zinapita. Urembo na kazi vimekaa nyumba moja bila ya ugomvi.

Hata kiungio kile cha mabehewa kinachotumika katika treni nyingi za N, kile cha umbo la ndoana pana kisichopendeza hata kidogo, kina historia ya kuwafundisha hawa wa leo. Ni cha Arnold wa Nuremberg, ambao ndio walioanzisha treni za milimita 9 mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wangeweza kukifungia kwa sheria. Badala yake wakaacha wenzao wakitumie, na kwa ajili hiyo behewa la Mwitaliano likafungwa nyuma ya injini ya Mjerumani, na mteja wa mmoja akawa mteja wa wote. Baadaye likaja tundu la kawaida la kuchomekea kiungio, na soketi za kawaida za saketi, zilizowekwa kwa mapatano ya MOROP ya Ulaya na NMRA ya Marekani. Kila mara walipokubaliana soko lilikua, na kila mtu alipokwenda kwa njia yake tuliumia sisi. Waingereza ni mfano. Injini zao za kweli ni ndogo kuliko za bara, na mota za wakati ule hazikuingia ndani ya bodi, basi wakakuza bodi hadi 1 kwa 148 na kuiacha reli ile ile ya milimita 9. Tangu hapo treni ya Kiingereza imesimama juu ya reli iliyo nyembamba kwake. Mwaka 2022 Hornby walitangaza kwao kipimo cha 1 kwa 120 juu ya reli ya milimita 12, ambacho hesabu yake ni sahihi, na ambacho Wajerumani wa Mashariki walikuwa nacho tangu miaka ya 1950. Sina ugomvi na hesabu sahihi, lakini namwonea huruma mwenye kabati zima la N ambaye ameambiwa habari njema kwamba aanze upya.

Na mtoto je? Maana kila mwaka viwanda hulia kwamba vijana hawaingii katika uraibu huu, kwamba simu zimewachukua. Kijana hununuliwa seti ya kwanza, boksi lenye injini, mabehewa matatu na duara la reli. Katika maboksi mengi mtambo wa ndani ndio uliobanwa bei kuliko vyote. Jumamosi inakwenda, Jumapili inakwatakwata, Jumatatu imesimama. Baba haoni skrubu, duka halina kipuri, na hiyo ndiyo habari ya mwisho ya treni katika nyumba ile. Simu haikumwiba mtoto. Simu ilimkuta amekaa bure. Kwetu huku mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa juu ya bei kuna posta na juu ya posta kuna ushuru, na ofisa wa forodha aliyekiona kipande cha chuma chenye nyaya hataki kusikia habari ya gramu 15.

Kwa hiyo nadai, na ninaowajua katika uraibu huu wanadai nami, ijapokuwa wengine hudai kwa sauti ya chini wasije wakanyimwa toleo lijalo. Skrubu zionekane. Zikiwa mbili chini ya chasisi, nani atazitazama? Ndani ya boksi iwekwe michoro ya mtambo uliofunguliwa, kila kipande na nambari yake, kama tulivyokuwa tukipata na cherehani. Gia, brashi za mota, vibati vya umeme na viungio vipatikane miaka 10 tangu siku ya kuuzwa. Na kampuni ikichoka kuvihifadhi, itoe vipimo vyake hadharani tuvitengeneze wenyewe, kwani siku hizi mtu akiwa na mashine ya kuchapa vitu vya plastiki mezani kwake anaweza kufanya kile ambacho zamani kilitaka kiwanda. Chasisi ikionekana kuoza, kampuni iseme ni matoleo gani yaliyomiminwa kwa madini mabaya, badala ya kumwacha kila mmoja agundue peke yake akidhani ni unyevu wa nyumba yake. Na mapitio ya majarida yaanze na mwendo: treni ipandishwe mlima, iendeshwe polepole saa nzima, ndipo ribiti zihesabiwe kama bado kuna mwenye hamu nazo.

Liko dai moja zaidi, ambalo pengine ni letu sisi wa pembezoni kuliko la Mwingereza au Mjapani. Tuuzieni mtambo peke yake, bila ya bodi. Hakuna kampuni itakayotengeneza reli yetu ya zamani kwa kipimo hiki, na siilaumu, nani atanunua? Treni za reli mpya ya Mombasa na Nairobi iliyofunguliwa mwaka 2017, pamoja na zile za Tanzania zilizoanza kubeba abiria mwaka 2024, zingekaa sawasawa juu ya reli ya milimita 9, kwa kuwa upana wao ni ule wa kimataifa, na huenda siku moja Mchina au Mkorea akazitengeneza. Lakini reli ya mita moja, hiyo iliyobeba mizigo yetu zaidi ya miaka 100, kwa kipimo cha 1 kwa 160 inataka njia ya milimita 6 na robo. Hakuna aiuzaye. Kilicho karibu ni milimita 6 na nusu ya Märklin, walioanzisha kipimo cha Z mwaka 1972, na tofauti ya robo ya milimita mimi nitaivumilia. Bodi nitalifanya mwenyewe, kama wafanyavyo wengi walio na reli zisizo za kawaida katika Uswisi, katika India, katika Argentina. Tunachokosa ni kile tusichoweza kukifanya jikoni: mhimili ulionyooka, gia zilizolingana, mota inayotambaa.

Ile Garratt ya 59 ni injini mbili zilizobeba boila moja katikati, kwa hiyo inataka mitambo miwili iliyo sawa. Zimebaki mbili katika jumba la makumbusho ya reli la Nairobi, 5918 na 5930, na vipimo nilivichukua huko kwa futi kamba, nikisaidiwa na mlinzi aliyeshika upande wa pili bila ya kuniuliza kwa nini. Boila, matangi na chumba cha dereva nimeshavifanya kwa bati la shaba na kuvilehemu. Kimebaki kupaka ile rangi nyekundu iliyokoza. Mtambo wa kwanza nilibidi niununue ndani ya injini kamili, nikalivua bodi lake zuri la Kijerumani na kuliweka sandukuni. Kwa ajili ya wa pili nimeandikia maduka manne. Mawili yamejibu kwamba haitengenezwi tena, la tatu kwamba nisubiri toleo jipya ambalo tarehe yake haijatangazwa, na la nne bado.